Mwaka Tulioandaa Nyumba ya Paka

Siku tuliyomzika shangazi Veneranda, mimi nilikuwa naangalia lango. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Wenzangu walikuwa wanapanga viti vya plastiki chini ya hema na kuchemsha chai ya maziwa, watu wanapanda kilima cha Gisozi mmoja mmoja, viatu vimejaa udongo kwa sababu mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mimi niliyetakiwa kuwapokea nilikuwa nawapa mkono bila hata kuwatazama usoni. Nilikuwa namngoja mtu mmoja tu. Nilitaka kujua kama Mzee Tadeyo atakuja, na akija, kama ataingia. Ungewauliza majirani wangenishangaa: aje vipi asiingie, mtu aliyekunywa chai katika nyumba hii kila Jumapili? Wao hawakuuona mwaka wangu wa kwanza hapa. Mimi niliuona, niliishi katikati yake, na niseme ukweli, sehemu kubwa ya mwaka ule sikuelewa kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Niliyoyaacha Mwanza niyaache huko huko, itoshe kusema sikutaka kuyarudia. Shangazi alinipokea, akanipa kitanda katika chumba cha mbele, na kesho yake asubuhi akanipeleka Agakiriro, pale wanapotengenezea samani, kwenye kibanda chake cha kuvisha makochi. Mafundi mbao walileta fremu tupu, sisi tukaweka sponji, tukavuta kitambaa, tukapiga pini. Nilijifunza kazi haraka. Kilichonishinda ni watu. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, na wao Kiswahili chao kilikuwa na njia zake, kila kitu iko, mtu iko, kiti iko, mpaka nikawa naitikia "yego", yaani ndiyo, kwa kila jambo ili siku ipite. Walicheka nami nacheka. Walinyamaza nami nanyamaza, nikihisi nimechelewa.

Jumamosi moja shangazi alinipeleka kwenye sherehe ya mahari ya binti wa mteja wake. Nilifurahi sana siku ile. Kulikuwa na mzee mwenye fimbo ndefu aliyesimama akasifu ng'ombe ambao hata hawakuwepo pale, akawaita kwa majina, akasifu pembe zao na mwendo wao, na wale waliopewa wakainuka wakashukuru kwa maneno yao. Shangazi alininong'oneza kwamba mtu akikupa ng'ombe hapa amekupa urafiki wa nyumba nzima, na siku ng'ombe huyo akizaa jike, unamrudishia ndama. Akaniambia pia kwamba wazee wanaume huapa kwa jina la aliyewapa. Mzee akishtuka au akitaka aaminiwe husema "Yampaye inka", kisha anataja jina la mtu: fulani alinipa ng'ombe. Nikakariri mistari miwili ya shukrani kwa sababu ilikuwa na mdundo mzuri. Maana yake sikuijua hata kidogo.

Jumatatu iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, nilikuwa katika kimgahawa cha mafundi na sahani yangu ya mchanganyiko, wali, ndizi, maharage, chipsi na kisamvu vimekaa pamoja, nalalamika kwa yeyote wa kunisikia kwamba panya wanatafuna sponji zetu nyumbani. Meza ya pili alikaa mzee mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilimjua kwa sura. Alitengeneza fremu ng'ambo ya uchochoro wetu, na nilikuwa nimeona kwamba shangazi akipita pale hutazama upande wa pili. Mzee akaacha kijiko. "Weye iko na panya," akasema, "mimi iko na mtoto ya paka. Mama yake alizaa nyuma ya mbao zangu. Hajaguswa na mtu. Nitakupa."

Basi nami, kwa akili za miaka ishirini, nikasimama, nikanyoosha mikono miwili kama nilivyoona Jumamosi, nikatoa ile mistari yangu miwili kwa sauti. Kimgahawa kizima kikapiga makofi. Mafundi walicheka mpaka wakagonga meza, mmoja akasema ameshuhudia, mwingine akasema naye ameshuhudia. Nilidhani nimetania vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Ila mzee hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akaipokea ile mikono yangu, akasema kwa upole, "Basi nitakuja kwanza kuona nyumba yake." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania au la. Nimemuuliza zaidi ya mara moja, naye kila mara ananiuliza mimi nilikuwa natania au la.

Nilimsimulia shangazi huku nacheka. Alikuwa anakata kitambaa cha mahameli, akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, kisha akaweka mkasi chini. "Umepokea mbele ya nani?" Nikamwambia mbele ya wote waliokuwa wanakula. "Na yule mtu amesema atakuja kwangu?" Nikasema ndiyo, kuona nyumba ya paka. Hakupaza sauti. Shangazi hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Odeta," akasema, "kesho nenda ukamrudishie neno lake. La sivyo, panda basi urudi Mwanza."

Maelezo niliyapata kidogo kidogo, na sikuyapata kwake. Anastazi, marehemu mume wa shangazi, alikuwa mshirika wa Tadeyo tangu siku za ujana wao. Tadeyo anapiga fremu, Anastazi anavisha, na kochi lao watu walilijua kwa kulikalia tu. Anastazi alipofariki, Agakiriro nzima ilikuja kuzika. Tadeyo hakuja. Hakuja siku ile, hakuja kwenye matanga, hakutuma mtu. Shangazi hakugombana naye. Aliacha tu kulitamka jina lake, miaka sita, akamwita "yule mtu" pale ilipolazimu, na fremu akachukua kwa mafundi wengine waliokuwa wabaya zaidi. Sasa mimi, mgeni wa miezi mitatu, nilikuwa nimesimama hadharani nikaifunga nyumba yake kwa urafiki na mtu yule. Kwa ajili ya paka.

Nikaenda kurudisha neno. Nilijiandaa njia nzima, na nilipofika Tadeyo hakunipa nafasi. Aliniuliza chumba kina dirisha au hakina. Aliniuliza kama sakafu ina pini, akasema pini moja inaua, na nyuzi pia, mtoto wa paka anameza uzi kama tambi. Akasema sanduku la kujisaidia liwekwe unga wa mbao isiyopakwa dawa, akanijazia mfuko mzima hapo hapo. Akasema huyu hatapenda kushikwa, asifuatwe, asikodolewe macho, na sahani yake ianze mbali, kisha kila siku isogee kidogo kuelekea watu. Nikajikuta naitikia "yego, yego", kama kawaida yangu. Nilirudi nyumbani na mfuko wa unga wa mbao kifuani na neno lake bado sijamrudishia. Nilikaa nje ya lango muda mrefu nikijaribu kuelewa nimefanya nini. Nikaanza hata kuhesabu nguo zangu kichwani, zipi zitaenea kwenye begi.

Kilichoniokoa ni maneno ya kusikia pembeni. Kesho yake nilikuwa nyuma ya kibanda nachambua sponji, na upande wa pili wa bati wanawake wawili wanaoshona mapazia walikuwa wanaongea. Mmoja alisema, "Veneranda hatapokea. Nyumba ile haina hata pa kumweka paka." Mwenzake akasema, "Pa kumweka mtu je?" Wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Jioni, tukiwa tunakula ugali na kisamvu, nikamwambia shangazi. Sikuwa na ujanja wowote, nilitaka tu mtu anieleze maana yake. Alitafuna tonge lake polepole sana. Kisha akauliza, "Unga wa mbao umeuweka wapi?"

Jamani, sijawahi kuona nyumba ikiandaliwa namna ile. Shangazi hakutaka paka na hakutaka mtu aje, lakini kama ni lazima yule mtu aje kuona, basi hataona upungufu. Stoo ya nyuma ilitolewa kila kitu. Nilifunga sumaku kwenye kamba nikaiburuta sakafuni, nikaokota pini za tangu enzi za marehemu, shangazi akaniambia rudia, nikarudia, akaichukua mwenyewe akarudia mara ya tatu akiwa amepiga magoti. Nyuzi zote zikaingia kwenye makopo yenye vifuniko. Tuliziba tundu chini ya mlango. Akatengeneza kreti ya kulalia, akaishonea godoro la mahameli ya kijani lenye ukanda pembeni, kazi ya siku mbili, kitambaa ambacho wateja walikuwa wanakiomba akasema kimekwisha. Akashona na pazia. Nilipomuuliza paka atafanya nini na pazia, alisema, "Nyamaza, shika futi." Na wakati wote huo begi langu lilikuwa bado chini ya kitanda, kwa sababu hakuwa ameniambia nikae wala niondoke.

Kitu kimoja hakikutoka stoo. Kilikuwa kiti cha mkono cha marehemu Anastazi, fremu ya Tadeyo, kitambaa kimepauka na chini kimechanika. Nilikishika nikiburute nje, shangazi akasema, "Reka." Nikakiacha. Usiku ule nililala nikijiuliza tunamwandalia nani nyumba.

Mzee alikuja Jumapili mchana, amevaa koti, viatu vimeng'arishwa. Nilifungua lango. Shangazi alikuwa ndani, nyuma ya dirisha, ameketi wima kama mtu anayepigwa picha. Tadeyo akatusalimu kutoka nje ya lango, akauliza hali, akasifu mvua, na hakuingia. Nikamkaribisha. Akaitikia asante, asante mwanangu, na miguu yake ikabaki pale pale kwenye changarawe. Nikamkaribisha tena. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso na jua halikuwa kali. Nikafikiri ananidharau, nikafikiri anamdharau shangazi, kisha nikafikiri labda kuna neno la kukaribisha ambalo silijui na wote wawili wananingoja nilitamke. Nilitamani kulia.

Ndipo shangazi akatoka. Alikuwa amebeba kigoda cha jikoni, kile anachokalia akimenya viazi. Akakiweka katikati ya lango, miguu miwili ya kigoda ndani, mmoja nje, hakumtazama, akarudi zake. Tadeyo akakaa. Hakuiona stoo, hakuiona sumaku wala godoro la mahameli. Alinisikiliza mimi nikimweleza vyote kimoja baada ya kingine, akasema, "Nyumba iko mzuri." Jumamosi akamleta paka kwenye kikapu kilichofungwa kwa turubai, mikono yake ina mikwaruzo mpaka kwenye viwiko, akanikabidhi pale pale langoni.

Paka alikuwa wa rangi ya udongo, na Tadeyo alimwita Gaju, jina la ng'ombe wa rangi ile. Tulimfungulia kikapu katika stoo. Aliruka juu ya godoro la kijani mara moja tu, akilipita, akaingia pale kitambaa kilipochanika chini ya kiti cha Anastazi, na kwa wiki tatu hatukumwona tena. Nilijua yupo kwa sababu dagaa waliisha kwenye sahani na unga wa mbao ulichimbuliwa. Nilikaa mle ndani kila siku baada ya kazi, mgongo ukutani, nikitazama ukuta mwingine kama nilivyoagizwa, nikihisi mjinga. Nilisogeza sahani kidogo, kisha kidogo tena. Siku moja nikasikia shangazi yuko nyuma yangu mlangoni. "Ametoka?" Nikamwambia bado. Akatazama kile kiti, akasema, "Angeweza kuchagua popote," akaenda kuwasha jiko.

Na Tadeyo akaendelea kuja. Aliyetoa ng'ombe ana haki ya kuja kumjulia hali, hakuna wa kumzuia, kwa hiyo kila Jumapili alikuja kumjulia hali paka asiyeonekana. Nami nilimpelekea kigoda. Jumapili ya pili shangazi aliniambia nikisogeze ndani hatua mbili, jua lile litampasua kichwa yule mtu. Jumapili nyingine alisema pikipiki zinapita karibu mno. Kisha ikawa matope. Kisha mbwa wa jirani. Zilipofika mvua kubwa kigoda kilikuwa chini ya upenu, mlangoni kabisa, Tadeyo anakunywa chai yake akiongea nami kuhusu paka kwa sauti ya kusikika ndani, na shangazi ndani anajibu akiongea nami. Nilikuwa katikati kama ukuta. Naapa sikuona kinachoendelea. Nilidhani kweli shida ni matope.

Ilikuwa Jumapili ya mvua. Gaju alikuwa ameshaanza kutoka, tena mbele ya watu, na siku ile alikuwa anakula karibu na goti langu sebuleni, sipumui. Shangazi alikuwa anapiga pasi pazia la mteja wa mtaa wa Batsinda, hariri nyeupe, pazia la sebule nzima. Akamwona paka. Nadhani hakuwa amewahi kumwona karibu vile, akasahau mkono. Harufu ikatangulia, kisha moshi, na shangazi akashtuka akasema kwa nguvu, "Yampaye injangwe Tadeyo."

Tadeyo alinipa paka. Kiapo cha wazee wanaume, jina ambalo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile kwa miaka sita, na tena paka alikuwa wangu mimi. Mvua ilikuwa inapiga bati. Pasi ilikuwa bado juu ya hariri na shangazi ameweka mkono mdomoni kana kwamba jina lile limemtoka na jino. Nikasikia kigoda kinaburuzwa nje. Tadeyo akaingia, hatua tatu za mtu mrefu, akainua pasi, akachomoa waya ukutani. Alama ya pasi ilikuwa pale kwenye pazia, kahawia, nzima kabisa.

Alisimama na ile pasi mkononi, hajui pa kuiweka. "Siku ya kumzika Anastazi nilifika mpaka langoni," akasema, kwa Kinyarwanda, na kwa mara ya kwanza nilielewa kila neno. "Nilikuwa nimevaa koti. Miguu ikakataa." Shangazi akamtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayafuti. "Ungesema," akamwambia. "Ningekuletea kiti."

Begi nililitoa chini ya kitanda wiki ile, nikazitoa nguo zangu zote nikazipanga chumbani, sikumuuliza mtu. Na Gaju, alipokubali hatimaye kushikwa, Tadeyo alimgeuza kwenye mwanga akaanza kucheka peke yake. "Hii iko dume." Shangazi alikasirika kikweli. Dume hazai, sasa atamrudishia nini yule mtu? Alirudia swali hilo kwa miaka mingi, kila Jumapili mtu akitaja paka, likawa mchezo wao, lakini nilimjua shangazi yangu, na najua lilimkera hata baada ya Gaju kufa akiwa mzee ndani ya kapu la vipande vya mahameli. Hakupenda kubaki amepewa.

Ndiyo maana siku ya mazishi nilikuwa langoni. Tadeyo alikuja padre akiwa tayari amefika. Koti lile lile, fimbo mkononi, mgongo umepinda. Akapanda mpaka kwenye changarawe na akasimama. Nilimwona anatazama jeneza kule chini ya hema, nikaona jasho kwenye paji la uso. Sikumkaribisha, nilikuwa nimeshajifunza. Nilikimbia jikoni nikaleta kigoda, nikakiweka pale pale, miguu miwili ndani na mmoja nje. Akakitazama. Kisha akainama polepole, akakiokota, akakitia kwapani, akapita nacho katikati ya watu wote mpaka mbele, akakiweka karibu na jeneza, akakaa.

Walipoita wenye neno, aliinuka. Watu wakangoja wasifu, maana ndiye aliyemjua kuliko wote. Aliweka mkono juu ya jeneza, akasema, "Yampaye intebe Veneranda." Veneranda alinipa kiti. Akakaa tena, hakuongeza. Vijana wa Agakiriro wakatazamana, nikasikia mmoja ananong'ona kwamba mzee amechoka, fundi aliyetengeneza viti maisha yake yote apewe kiti na mshonaji? Hata padre alikuwa amesahau ukurasa. Chini ya hema lile zima, mimi peke yangu ndiye ambaye sikuchanganyikiwa.